Nguo za balo, sindano, na saa za mukono wako



Mushahara wa mugodi unaingia mu nyumba kwa mulango mumoja, kisha unatoka kwa milango kumi: unga, masomo ya batoto, nyumba ya kupanga, dawa za mama mukwe, deni la duka. Siku mulango wa kuingia unafungwa, juu kandarasi imekwisha ao kazi imesimama, ile milango kumi haifungwi hata mumoja. Njo wakati ule watu wanakimbilia kwa Bank Lambert, wenye kukopesha falanga leo na kudai nyingi kupita mwisho wa mwezi. Mu sendika tunaona kila mara mushahara wenye uliisha kuliwa mbele mwenye kuutumikia hajaupokea.

Leo sitaongea juu ya mushahara. Nitaongea juu ya mulango wa pili, mudogo lakini wa kweli: kununua nguo za balo moja moja, kuzirekebisha, kuzipamba na kuziuzisha. Bamama wengi wanaiwaza kazi hii, na vijana pia. Wanaona kanzu nzuri ku soko, wanasema: "Hata mimi naweza." Ni kweli, unaweza. Lakini iko mambo mawili ya kujua mbele ya kukata. La kwanza, falanga ya kazi hii inaanzia mu kuchagua, haianzie mu kupamba. La pili ni lile sendika inafundisha kila mahali: kazi yenye hauhesabu saa zake, ni wewe mwenyewe unailipia.

Haiko kazi ya jana

Kwetu kushona ni kazi ya zamani. Union Minière du Haut-Katanga ilizaliwa mu 1906, na wakati ilijenga makambi, ilifungua pia nyumba za mafunzo ya bake wa wafanyakazi, zile tuliita foyer. Kule bamama walijifunza upishi, usafi, kutunza batoto, na kushona. Kampuni haikuwaza kwamba mama atalisha nyumba kwa sindano. Iliwaza kwamba baba atapokea mushahara na posho, mama atakaa. Lakini mukono wenye ulijifunza haukusahau. Wakati Gécamines ilianguka, na mu 2003 wafanyakazi zaidi ya elfu 10 wakatoka mu ile mupango wa "kutoka kwa mapenzi", ilikuwa bamama wenye kuuzisha makala, unga, mboga na nguo njo walishikilia nyumba nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi.

Hata nguo zenyewe ziko na historia kwetu. Mbele ya uhuru, wachuuzi wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, walikuwa wanavuka kuja Katanga kununua nguo zenye zilivaliwa Ulaya, na kuzirudisha kwao. Leo Wazambia wanaziita salaula, neno la Kibemba lenye maana ya kupekua mu lundo na kuchagua. Kule Kinshasa wanasema tombola bwaka, ni kusema inua, tupa. Ukiangalia vizuri, majina yote mbili yanataja mukono wenye kuchagua. Hakuna moja yenye inataja sindano. Wale watu walijua.

Nguo tano, hapana balo

Mutu wa kuanza anasikia kwamba balo nzima njo inaleta faida. Balo ya kawaida iko na kilo 45, imefungwa na mikanda, hauoni ndani. Ukiifungua, mwenye kuuzisha harudishe falanga. Kama ndani kuko makoti mazito na sisi tuko mwezi wa kumi, mu joto, utakaa nayo mpaka kipwa kirudi. Na kama ulikopa falanga ya kuinunua, deni halingojee kipwa.

Basi anza na nguo tano. Zinunue ku soko, moja moja, kwa falanga yenye nyumba inaweza kupoteza bila batoto kulala na njaa. Nguo tano zitakufundisha zaidi ya balo, juu utashika kila moja, utaijua, utaiuzisha, na utaandika.

Wakati balo inafunguliwa, wachuuzi wakubwa wanapita wa kwanza na kubeba chaguo la kwanza kwa bei ya juu. Wewe hauko mu mbio ile. Ngojea siku ya pili ao ya tatu, wakati wanatandika lundo chini na bei ni moja kwa kila nguo. Mule njo kuko nguo zenye butoni imetoka, tirete imekufa, patalo ni ndefu sana, kola imechoka. Mwenye kuuzisha anaona uharibifu. Wewe unapashwa kuona kazi ya nusu saa.

Lakini kuko uharibifu wenye unapona na wenye haupone. Inua nguo mu mwangaza wa jua, angalia fasi tano: makwapa, kola, viwiko, katikati ya miguu, na matako ya patalo. Kama unaona mwangaza unapita pale kitambaa kimekonda, irudishe. Pale sindano itapita leo, kitapasuka kesho pembeni ya mushono. Doa la jasho la manjano ku kwapa halitoki mingi. Doa la mafuta lenye lilipigwa pasi linabaki. Lastiki yenye imekauka inabadilishwa, haiko shida. Butoni ni kazi ndogo. Tirete ya patalo ni kazi ya kati. Tirete ya koti lenye kitambaa ndani ni kazi kubwa, uache kwanza. Mushono wenye ulifunguka lakini kitambaa ni kizima, ununue na furaha.

Maji na pasi mbele ya makasi

Hapana kukata nguo yenye haijafuliwa. Sababu ya kwanza ni usafi. Ya pili, pamba inapungua mu maji. Ukikata kwa kipimo kisha muteja anafua, nguo inakuwa ya mudogo wake. Fua kwanza, anika, piga pasi, kisha pima.

Kama nguo ni ya rangi nyekundu ao ya bluu kali, chukua kitambaa cheupe, kiloweshe, sugua ndani ya pindo. Kama kinatoka na rangi, ile nguo ifuliwe peke yake, na usiiunganishe na kitambaa cheupe hata kama inapendeza. Siku ya kwanza ya kufua, muteja atakuletea malalamiko ku mulango.

Unapashwa pia kujua kitambaa ni cha nini, juu pasi inaua. Toa uzi mumoja ndani ya mushono, utoke inje, weka maji karibu, uushike na kitu cha chuma na uchome. Pamba inawaka sawa karatasi na inaacha majivu laini. Nailoni na polyester zinayeyuka na kuacha tone gumu. Manyoya ya kondoo yananuka sawa nywele zenye zimeungua. Kile chenye kinayeyuka, pasi ya makala iwe ya vuguvugu, na uweke kitambaa cha pamba kati.

Na jambo moja la kwetu: nguo yenye imeanikwa inje, hasa mu kivuli ao mu majani, inaweza kupata mayai ya nzi yule mwenye funza zake zinaingia mu ngozi. Anika mu jua kali, kisha pasi pande mbili, mu mishono na mu mukanda wa patalo. Kwa nguo za batoto wachanga, hapana kuruka hatua ile hata siku moja.

Vyombo vya kuanza

Mashini si lazima siku ya kwanza. Unapashwa kuwa na sindano za unene mbalimbali, uzi mweupe, mweusi na wa bluu ya giza, makasi yenye inakata kitambaa paka kitambaa (hapana karatasi, hapana nywele), wembe wa kufungua mishono, pini, mita ya fundi, na pasi. Chaki ya fundi ikikosa, kipande cha sabuni chenye kimekauka kinachora vizuri na kinatoka mu maji.

Mishono miwili inatosha kwa mwanzo. Wa kwanza ni mushono wa kurudi: sindano inatoka mbele, inarudi nyuma hatua moja, inatoka tena mbele. Ule ni wa nguvu, unashika makwapa na patalo. Wa pili ni mushono wa pindo: sindano inakamata nyuzi moja ao mbili tu za inje, kisha inapita ndani ya pindo, na inje hakuonekane kitu. Fanya mazoezi ku kitambaa cha kutupa, mpaka hatua zako zikuwe sawa.

Kazi ine za kwanza

Moja, pindo la patalo. Muvae mwenyewe asimame na viatu vyake, kunja, weka pini, angalia nyuma. Kwa mutoto, acha ndani sentimita 4 ao 5, sababu mwaka ujao mama yake atalifungua pindo na atakukumbuka kwa wema. Ile ni kazi ndogo, lakini njo inaleta wateja wa kudumu.

Mbili, kola ya shemize. Shemize ya mwanaume inakufa kola kwanza, pale inasugua shingo. Upande wa chini wa kola mara mingi bado ni mupya. Weka alama katikati ya kola na katikati ya shingo, fungua mushono na wembe pale kola inaingia mu kipande cha shingo, geuza kola juu chini, irudishe, shona mu mustari ule ule. Shemize inapata maisha ya pili. Lakini kola yenye butoni ku ncha zake hapana kuigeuza, butoni itaenda upande mubaya.

Tatu, bleu-blanc. Wandugu, hapa njo kuko soko lenye halikufi. Batoto wa Kongo wanavaa juu nyeupe na chini bluu ya giza, na mu mwanzo wa mwezi wa tisa kila muzazi anatafuta. Shemize nyeupe ya mutu mukubwa, yenye mikono imechoka lakini mwili muzima, inatoa shemize ya mutoto. Tandika shemize ya mutoto yenye inamufaa juu yake, chora pembeni na ongeza sentimita moja na nusu ya mushono, na uchunge mustari wa butoni ubaki pale uko, usikate pale, juu kutengeneza matundu ya butoni ni kazi ndefu. Patalo ya bluu ya mutu mukubwa, miguu yake inatoa kaptula ya mutoto na lastiki ku kiuno. Uliza kwanza masomo yanataka namna gani, juu kuko yenye yanakataa lastiki ao mufuko wa pembeni. Anza kukusanya nyeupe na bluu tangu mwezi wa sita, wakati hakuna mwenye anazitafuta.

Ine, jinzi yenye magoti yamepasuka. Sehemu ya juu bado ni ngumu. Kata miguu, fungua katikati, chukua upande wa nyuma na mifuko yake miwili: ile ni aproni ya mama wa soko, mwenye anatafuta fasi ya kuweka falanga kubwa mbali na ndogo. Miguu inatoa mifuko ya kubebea. Kama uko na mashini, weka sindano ya namba 100, na pale mishono inapandana, zungusha gurudumu na mukono, hapana na muguu. Njo vile sindano haivunjiki.

Kupamba: kidogo, na fasi yake

Sasa tunafika pale kila mutu anataka kuanzia. Kupamba ni kuzuri, lakini pambo halifunike nguo mbaya. Linaongeza bei ya nguo yenye iliisha kuwa nzuri.

Kwetu pambo la bei ndogo na la heshima ni kikwembe. Mafundi wanakata libaya kila siku na vipande vinaanguka chini. Omba, ao nunua kwa bei ndogo. Vifue mbele, juu kikwembe kipya kinaweza kutoa rangi na kupungua. Kata kipande, kunja sentimita moja pande zote, piga pasi ile mikunjo, weka pini, pitisha uzi murefu wa kushika, kisha shona na hatua ndogo za milimita 3. Pale mwisho toa uzi wa kushika. Mutu mwenye anaruka pasi na uzi wa kushika anafikiri anachunga saa. Kisha kipande kinatembea, anafungua, anarudia, na saa zinakuwa mbili.

Weka pambo pale macho yanaenda: ku kola, ku mufuko wa kifua, ku mwisho wa mikono. Fasi mbili ao tatu, basi. Kanzu yenye imepambwa kila pahali ni ya mutu mumoja tu, yule mwenye aliipamba. Kanzu yenye iko na mufuko mumoja wa kikwembe inaweza kuwa ya bamama kumi.

Butoni pia ni pambo. Toa butoni zote za shemize ya mwanamuke, hata zile nzima, weka zingine za namna moja. Watu hawajui nini imebadilika, lakini wanaona nguo imekuwa mupya. Zile zenye umetoa, uzitunze mu kopo, zitarudi kazini.

Na tusidanganyane. Kama kipande kinafunika tundu, mwambie muteja: "Hapa palikuwa tundu, nimelifunga." Atanunua na imani. Hapana kushona etiketi ya kampuni kubwa ya Ulaya juu ya nguo yenye si yake. Ule ni uongo, na mu kambi uongo unatembea haraka kupita basi ya posti ya usiku.

Hesabu ya saa

Hapa naomba baba na mama mukae pamoja, na daftari. Bei nitaandika ni mufano, weka zako. Tuchukue nguo mbili.

Ya kwanza ni shemize nyeupe ya masomo. Kununua: 2 500 FC. Uzi, sabuni, makala ya pasi: 700. Sehemu yake ya usafiri na taxe ya soko: 500. Jumla 3 700. Imeuzishwa 6 500. Imebaki 2 800. Kazi ilikuwa ya saa 2. Ni kusema kila saa ilileta 1 400 FC.

Ya pili ni kanzu yenye imepambwa na kikwembe, na maua ya uzi yenye yameshonwa na mukono. Kununua: 4 000. Kikwembe, uzi, butoni: 2 000. Usafiri na taxe: 500. Jumla 6 500. Imeuzishwa 12 000. Imebaki 5 500. Wote mu nyumba wanapiga makofi, kanzu ilileta karibu mara mbili ya shemize! Lakini kazi ilikuwa ya saa 9. Ugawanye: kila saa ilileta karibu 600 FC tu. Na kama muteja anabishana mpaka 10 000, saa moja inaanguka chini ya 400.

Mu zile saa 9, ungeshona shemize ine za masomo na kupata 11 200, na saa moja ingebaki ya kupumzika. Hauoni hasara ile mu mufuko, juu falanga imeingia. Hasara imekaa mu mugongo na mu macho.

Ni mambo yale yale tunajua mu mugodi. Kapita akikuambia ubaki saa mbili juu ya posti na karatasi ya mushahara haizionyeshe, unakuja kwa delegué na unapiga kelele. Mbona mu nyumba mama anabaki saa tano ku taa ya simu, juu SNEL imekata, na hakuna mwenye anaziandika?

Sisemi uache kanzu. Nasema uitengeneze upya mu daftari. Yale maua ya uzi yalikula saa 5 peke yake. Yaondoe, weka mufuko na kola ya kikwembe kwa saa moja: kazi yote inakuwa saa 5. Uzishe 11 000. Inabaki 4 500, ni kusema 900 kwa saa. Maua uyafanye paka kwa muteja mwenye ameyaomba na ameweka falanga nusu mbele.

Daftari iwe na mistari sita: nguo, bei ya kununua, vitu vyenye vimeingia, usafiri na taxe, bei ya kuuzisha, saa. Kwa kila taxe, uombe kitansi, na uiweke mu daftari. Taxe yenye haina kitansi ni falanga yenye hauwezi kuonyesha kesho. Na ukiisha kuwa na meza ya kudumu ku soko, uliza ku commune juu ya patente, usingoje wakukute.

Falanga ikirudi, toa kwanza ile ya kununua nguo zingine. Ile si ya nyumba. Kisha weka kidogo ya vyombo. Yenye inabaki njo ya nyumba. Kama kila kitu kinaingia mu unga, mwezi wa pili hakuna nguo ya kushona, na Bank Lambert anapiga hodi.

Nguo za mugodi ziko mbali

Hapa naongea sawa mutu wa usalama. Kuko wenye wanakata kombine za kazi juu ya kitambaa chake kigumu, na ile mikanda yenye inang'aa usiku, wanaishona ku koti za batoto ao ku mifuko. Hapana. Kombine ya mugodi inabeba vumbi la shimo na la usine, shaba, kobalti na mengine. Vumbi lile halitoki yote na sabuni ya nyumbani, na mutoto anaweka mukono wa koti mu kinywa. Kombine ifuliwe peke yake, mu beseni yake, isikunjwe juu ya meza ya kushonea, isipigwe pasi mu chumba chenye batoto wanalala. Usiikung'ute mu nyumba.

Tena, mukanda wa kung'aa ni maisha ya mutu. Dereva wa gari kubwa mu karyeri anaona ule mukanda mbele ya kuona mutu. Kununua ku soko kombine yenye imekatwa na kushonwa upya, kisha kuingia nayo kazini, ni kucheza na kifo. Sheria ya kazi ya 2002 inaweka juu ya mwajiri kazi ya kulinda afya na usalama wa mufanyakazi. Nguo ya kazi ikichakaa, haiko mama wa kuishona viraka. Uje sendika, tuidai.

Wakati wa kuuzisha

Mwaka wetu uko na masoko yake. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya kipwa: makoti, sweta, mablanketi ya batoto. Mwisho wa mwezi wa nane: bleu-blanc. Tarehe 4 ya mwezi wa 12, Sainte Barbe ya wachimbaji, kisha Noeli na Bonane: kanzu na shemize za kutokea. Tarehe 8 ya mwezi wa tatu: bamama wanavaa, na kikwembe kinatafutwa. Tarehe 1 ya mwezi wa tano: defile ya wafanyakazi, shemize zikuwe zimenyooshwa.

Mu mwezi, angalia siku ya mushahara ya kampuni zenye ziko karibu nawe. Siku ya posho yenye inafuata mushahara inauzisha kupita juma mbili zenye kukauka. Lakini hapana kukopesha nguo kwa kila jirani. Mutu wa kuanza anakufa na madeni ya wengine. Sema bila kisirani: "Mama, nakuwekea mpaka uje na falanga, nguo itakungojea kwangu."

Kidole kimoja hakivunji chawa

Wakati nguo tano zimekuwa ishirini, mukono peke yake utachoka na utaanza kuota mashini. Hapana kukimbilia deni. Bamama watano wa kambi moja wanaweza kufanya likelemba, na zamu ya kwanza inunue mashini ya miguu ya mukono wa pili, yenye haiulize kura. Muandike mbele: iko kwa nani siku gani, nani anatengeneza ikivunjika, mwenye anahama anapewa nini. Muandike wakati muko bado marafiki. Mu sendika tumeona vikundi vingi vikianguka, si juu ya wizi, juu ya jambo lenye halikuandikwa.

Na ninyi babazi, neno moja. Mama akishona saa ine, zile saa ine zimetoka fasi fulani: mu usingizi wake, ao mu kazi zingine za nyumba. Ukirudi posti, uliza daftari inasema nini, kisha uchote maji, uangalie batoto, upige pasi. Pasi haiko na mwanaume wala mwanamuke, iko na makala tu. Mutu mwenye anadai mu mugodi kwamba kila saa ilipwe, aanze kuziheshimu mu nyumba yake.

Juma hii, nenda ku soko na falanga ya nguo tano. Ziinue mu jua, angalia makwapa. Na mbele ya kuingiza uzi mu sindano, andika saa yenye umeanza.